Maswali ya wasomaji: kukubali kwa Kiarabu cha mazungumzo

Maswali ya mara hii yote yanazunguka jambo moja: mtu amesoma Kiarabu cha vitabuni, kisha anakutana na wasemaji wenyewe na kuona hata "ndiyo" inampa taabu. Maneno ya Kiarabu tumeyaandika kwa herufi tulizozizoea. Irabu iliyoandikwa mara mbili huvutwa, alama ‘ ni ile ayn ya kooni, na alama ’ ni kukata sauti ghafla. H ya maneno kama haqq, haadir na sahh ni ile kavu inayotoka kooni.

Nilifundishwa kwamba "ndiyo" ni na‘am. Mbona wasemaji ninaowasikia hawalitumii sana?

Na‘am inaeleweka kila mahali na hutakosea ukiitumia, ila ni neno la taarifa ya habari, la darasani na la mahakamani. Katika mazungumzo ya kawaida Mmisri atasema aywa, au aah tu. Watu wa Sham, yaani Syria, Lebanon, Jordan na Palestina, husema ee, ingawa Jordan na Palestina utasikia aah zaidi. Iraq na sehemu kubwa ya Ghuba ni ii, na katika Falme za Kiarabu utasikia heeh. Sudan wana aay pamoja na aywa. Ukienda Maghrebi, Mtunisia atasema ey, Mwaljeria iih (upande wa Oran ni waah), na Mmoroko iyyeh. Kama unataka kubeba neno moja tu, beba aywa, kwa sababu linaeleweka karibu kote hata pale ambapo si neno la wenyeji.

Usidhani ii ni Kiarabu kilichoharibika. Imo ndani ya Kurani, sura ya Yunus aya ya 53: "Qul ii wa rabbii", yaani sema, ndiyo, naapa kwa Mola wangu. Wengi huona kwamba aywa yenyewe ni mkato wa ii wallaahi, na kwamba ile "wa" ni ya kiapo. "Ewaa" ya Kiswahili inatoka huko huko.

Na‘am ina kazi nyingine unayoijua tayari: kuitikia wito, kama mwanamume anavyoitika "naam" kwa Kiswahili. Saudia utasikia pia samm na labbeeh, na hilo la pili ni ndugu wa "labeka". Hatari iko kwenye sauti. Na‘am ikipandishwa mwishoni ni "umesemaje?", na Misri ikivutwa kwa ukali, na‘aaam?!, inakuwa "unaniambia nini wewe?" Ukikusudia "ndiyo", shusha sauti mwishoni.

Kwa Kiswahili "sawa" inanitosha kwa kila kitu. Neno moja la namna hiyo kwa Kiarabu ni lipi?

Hakuna, na hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Sawa ya Kiswahili inabeba makubaliano ya aina tatu: kuthibitisha habari, kupokea ombi au agizo, na kuunga mkono maoni. Kiarabu cha mazungumzo kinazitenganisha. Kwa hiyo kabla ya kujiuliza "huyu ni wa wapi?", jiulize "ninakubali nini?"

Kwanza, usiseme sawa yenyewe. Neno ni la Kiarabu kwa asili, lakini Misri na Sham sawa maana yake ni "pamoja". Mtu akikuambia tukutane saa nne ukamjibu "sawa", ataelewa kwamba mtakwenda pamoja, na pengine atakusubiri mlangoni kwako.

Kuthibitisha habari tumeshakueleza: aywa, ee, ii na wenzake. Ukitaka kutia nguvu ongeza akiid, "hakika", au tab‘an, "bila shaka". Tab‘an itumie kwa uangalifu, kwani inabeba fununu ya "hilo si la kuuliza", na kwa mtu aliyeuliza kwa dhati inaweza kusikika kama dharau.

Kupokea ombi kuna msamiati mpana kuliko yote, na ndio unaoonyesha adabu ya msemaji. Misri ni haadir, "nipo tayari", nayo hata mwanamke huisema vivyo hivyo bila kuibadilisha. Ya upendo zaidi ni min ‘ineyya, "kutoka machoni mwangu". Sham humwambia mwanamume tikram na mwanamke tikrami. Utaona mzizi ule ule wa "karimu" na "kukirimu". Wana pia ‘ala raasi, "juu ya kichwa changu". Ghuba, hasa Saudia, ni abshir kwa mwanamume na abshiri kwa mwanamke, kutoka mzizi uliotupa "bishara": pokea habari njema, jambo lako limekubaliwa. Huko huko utasikia ‘ala khashmi, "juu ya pua yangu", maana pua ndiyo heshima ya mtu. Iraq ni tidallal, na kwa mwanamke tidallaliin, "deka tu". Haya yote ni ahadi ya kutenda. Mtu akisema "leo joto kali" ukamjibu haadir, ni kama alikuamuru upunguze joto.

Kwa makubaliano mepesi yasiyo na unyenyekevu kuna maashi na tayyib Misri na Sham, zeen na saar Iraq, inzeen Kuwait, tamm katika Falme za Kiarabu, baahi Libya na Tunisia, sahha Aljeria, na wakha Moroko. Tamaam hupita sehemu nyingi za mashariki. Tayyib ndiyo ya kuchunga. Mara nyingi maana yake ni "nimesikia", kisha linafuata swali: tayyib, w ba‘deen? "haya, halafu?" Usifunge biashara kwa tayyib peke yake. Subiri ittafa’na, "tumekubaliana", ambayo Ghuba hutamkwa ittafagna.

Maoni tumeyaachia swali lake, maana yana mtego.

Nilimwambia rafiki wa Beirut al-haqq ‘aleek nikikusudia "una haki, umesema kweli". Akakasirika. Nilikosea wapi?

Kwenye kihusishi. Haqq ikienda na ma‘ (pamoja na) au ‘and (kwa), mtu yuko sahihi. Ikienda na ‘ala (juu ya), mtu ana kosa. Ulimwambia "kosa ni lako". Ukitaka kujifunza kwa njia ya kudumu, fikiria haki kama mzigo: ikiwa nawe, umeishika wewe, ikiwa juu yako, unadaiwa.

Beirut na Damascus sema ma‘ak haqq kwa mwanamume, ma‘ik haqq kwa mwanamke. Misri ni ‘andak haqq na ‘andik haqq. Moroko, Aljeria na Tunisia ni ‘andek l-haqq, na huko ‘andek hutumika kwa wote wawili, hivyo usihangaike na jinsia. Q nayo inabadilika: Cairo, Beirut na Damascus huikata kuwa ha’’, Sudan na Ghuba huwa hagg, Moroko na Tunis hubaki q. Ghuba hagg ni pia "ya" au "kwa ajili ya", kwa hiyo usishangae kuisikia pasipo haki yoyote.

Kama unaogopa vihusishi, pita njia nyepesi: sahh, "sahihi", au kalaamak sahh, "maneno yako ni sahihi" (kwa mwanamke kalaamik). Misri na Sham wana mazbuut, na kwa msisitizo bi-zzabt, ambayo ndiyo "barabara!" yetu hasa. Mazbuut hiyo hiyo Misri ni kahawa yenye sukari ya wastani, kwa hiyo ukiisikia mkahawani angalia kwanza nani anazungumza na mhudumu. Ghuba wana saadig, "msema kweli", na kwa mwanamke saadga.

Na msikilize mtu akisema ana ma‘aak, "niko nawe". Likifuatwa na bass, "lakini", makubaliano yameishia hapo na pingamizi ndilo linaloanza.

Nimezoea maashi kutoka filamu za Misri. Je, nitumie kila mahali?

Misri na Sham, ndiyo. Asili yake ni "inayokwenda": mambo yanakwenda, basi sawa. Lakini Moroko na Aljeria maashi ni neno la kukanusha, "si". Maashi mushkil ni "si tatizo", na anayesikia maashi peke yake akadhani amekubaliwa amepotea. Oman, Yemen na Falme za Kiarabu neno hilo hilo hutoka kwa maa shii, "hakuna kitu": maashi maay ni "hakuna maji". Filamu za Misri zimeenea, hivyo wengi wataelewa unachokusudia. Wewe ndiye unayeweza kuwaelewa vibaya wao. Dalili ni mahali neno linapokaa: likitangulia nomino, karibu kila mara linakanusha. Moroko tumia wakha, na utaona nyuso zinavyokunjuka.

Nikiulizwa "hukwenda?" na kweli sikwenda, nijibu aywa au la’?

Kwa Kiswahili tunajibu "ndiyo, sikwenda", tukilithibitisha lile lililosemwa. Kiarabu cha zamani kilikuwa hivyo hivyo. Na‘am huthibitisha kauli kama ilivyo, hata ikiwa na kanusho, na neno la Kiarabu balaa (si "balaa" yetu ya msiba) ndilo huivunja. Katika sura ya al-A‘raaf aya ya 172 Mungu anauliza "Alastu bi-rabbikum?", je, Mimi si Mola wenu? Wanajibu "balaa". Wanasarufi hunukuu kauli inayonasibishwa na Ibn Abbas, kwamba lau wangejibu na‘am wangekufuru, maana wangethibitisha "si".

Lahaja za leo hazishiki kanuni hiyo kwa uthabiti, na aywa tupu baada ya swali la kukanusha humwacha muulizaji hewani. Kama hukwenda, anza na la’ kisha urudie kitenzi: Cairo la’, ma-ruhtish. Kama ulikwenda, Sham wamehifadhi silaha nzuri, mbala, mtoto wa balaa: mbala, riht, "la hasha, nilikwenda". Misri hawana neno hilo katika mazungumzo, hivyo husema la’, ruht, ambapo la’ inakataa dhana ya muulizaji. Iraq bali ipo, lakini imekuwa "ndiyo" ya adabu tu. Kokote uliko, kitenzi ndicho kinachokuokoa, usiache kukirudia.

Je, in shaa’ Allah na ya‘ni ni kukubali?

Ya‘ni ukiijibu peke yake, hapana. Kiswahili "yaani" hufafanua. Mmisri akiulizwa kama alipenda chakula akajibu "ya‘ni", amesema "hivyo hivyo tu". In shaa’ Allah mara nyingi ni kukubali kwa kweli kwa jambo lijalo, na kuipokea daima kama ujanja ni kumkosea anayeisema. Palipo na jambo la saa na mahali, taja saa, uliza akiid?, kisha usikilize kama atairudia saa hiyo kwa kinywa chake.

Muuza duka wa Amman alinyanyua kichwa kidogo nilipouliza kama bidhaa ipo. Nikasubiri, hakuleta kitu.

Alikuambia hakuna. Sham, kunyanyua kidevu au nyusi, mara nyingi pamoja na mlio wa ulimi "tsk", ni "hapana". Kukubali ni kushusha kichwa. Macho yetu huona kichwa kimesogea na kudhani ni ndiyo. Angalia kinaanza kwenda upande gani. Ukibaki na shaka, uliza aah willa la’?, "ndiyo au hapana?", na usiondoke dukani mpaka neno litamkwe.