Nyumba ya babu Kariakoo: tuuze, tubomoe au iendelee kuvuja?

SWALI: Assalaam alaykum, Maalim. Babu mzaa mama aliiweka wakfu nyumba yake ya vyumba sita Kariakoo, kodi iende madrasa ya mtaani. Karatasi ya wakfu ninayo, ila hati ya kiwanja ina jina la marehemu mjomba, aliyekuwa msimamizi kabla yangu. Bati linavuja na wapangaji wanalipa kodi ya zamani. Ametokea mwekezaji anataka kubomoa ajenge ghorofa, kisha tugawane fremu na sakafu. Watoto wa mjomba wanasema tuuze, kila mtu achukue chake. Nifanyeje? Na mimi ninayehangaika, naruhusiwa kula chochote?
Msomaji, Ilala

JIBU: Wa alaykumus salaam, mwanangu. Nianze na binamu zako, maana ndio wenye haraka. Sayyidna Umar alipopata shamba Khaybar alimwendea Mtume (S.A.W.) kuuliza alifanyeje, akaambiwa azuie asili, yaani shamba lenyewe, atoe sadaka matunda yake. Basi likawekwa kwa sharti kwamba haliuzwi, halitolewi zawadi, halirithiwi. Babu alipoweka wakfu, nyumba ilimtoka. Mjomba alikuwa mlinzi tu, na mlinzi harithishi lindo.

Ila lile jina kwenye hati linanitisha kuliko bati. Ofisi ya ardhi haisomi nia ya babu, inasoma jina. Binamu zako wakifungua mirathi wakaiorodhesha nyumba, utajikuta wewe ndiye unayeonekana mvamizi. Wiki hii hii tafuta wakili, uweke zuio kwa Msajili wa Hati, na kama mirathi imeshafunguliwa upeleke pingamizi mahakamani na karatasi ya babu mkononi. Kisha undeni bodi ya wadhamini, isajiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, hati ihamie kwao. Angalia pia miaka iliyobaki: kwa sheria yetu ya ardhi ya 1999 tunamiliki kwa muda, usiozidi miaka 99, na kodi ya ardhi isipolipwa hata wakfu unaweza kupotea.

Sasa mwekezaji. Sisi wa pwani tunafuata madhehebu ya Shafii, na wanazuoni wetu ni wagumu mno katika kuuza wakfu hata ukichakaa; madhehebu ya Hanafi na Hanbali wamelegeza kidogo, ubadilishwe kwa kingine penye dharura. Kuujenga upya uzae zaidi ni jambo jingine, nami naliunga mkono, maana nyumba inayovuja haimsomeshi mtoto. Lakini soma huo mkataba kwa miwani. Tangu 2008 tuna sheria ya hati za sehemu za jengo; ukimpa sakafu tatu kwa jina lake, umeuza wakfu, hata kama mmeita ubia. Apewe pango la miaka maalumu: ajenge, akusanye, muda ukiisha jengo lote lirudi. Hati ya kiwanja isiende benki kuwekwa rehani kwa mkopo wake. Na madrasa ipate fungu lake kila mwezi tangu siku ya kubomoa, isiambiwe isubiri ghorofa liishe. Maghorofa ya Kariakoo tunayajua yanavyosubiriwa.

Kuhusu kula, tazama kwanza babu aliandika nini. Katika wakfu wa Umar msimamizi aliruhusiwa kula kwa wema bila kujilimbikizia. Indonesia, kwa sheria yao ya 2004, wamemwekea msimamizi kikomo cha asilimia 10 ya mapato halisi. Si sheria ya kwetu, lakini kipimo kizuri. Kiandikwe, wadhamini wakisaini.

Na wapangaji usiwaache hivihivi wakati mkijadili ghorofa. Niliwahi kuwa katibu wa kamati ya msikiti mmoja Temeke. Fremu yetu tuliipangisha kwa bei ya udugu miaka tisa. Siku moja nikaingia kununua sabuni, nikamkuta kijana nisiyemjua. Kumbe mpangaji wetu alishampangishia, kwa mara nne ya alichokuwa anatulipa sisi, na kilemba, ile pesa ya kukabidhiwa fremu, juu.