Barua kwa mwanangu: kwa nini mzee hakuuza shamba

Mwanangu,

Swali lako sikutaka kulijibu kwa mkato. Unasema mzee niliyekuwa nikimhudumia hapa Iowa, Marekani, alikuwa na ekari 320, na mwaka 2022, alipofariki, bei ya wastani ya ardhi ya jimbo hili ilikuwa imepita dola 11,400 kwa ekari. Mtu mwenye zaidi ya dola milioni tatu na nusu ilikuwaje asiuze akastarehe, akafia kwenye nyumba yenye baridi, amevaa jaketi ya bure ya kampuni ya mbegu?

Hesabu yako iko sawa. Ila anzia nyuma kidogo. Nusu ya shamba aliirithi kwa babake. Nusu ya pili aliinunua kwa mkopo mwishoni mwa miaka ya 1970. Wasovieti walikuwa wakinunua nafaka ya Marekani kwa wingi, na serikali ilikuwa imewahimiza wakulima walime mpaka kwenye uzio. Kisha Januari 1980 Rais Carter akazuia nafaka kwenda kwa Wasovieti kwa sababu walikuwa wameivamia Afghanistan, na Desemba mwaka huohuo riba ya msingi ya mabenki ikafika asilimia 21.5. Ekari ya Iowa iliyokuwa dola 2,147 mwaka 1981 ikawa 787 mwaka 1986. Udongo uleule. Deni nalo halikupungua hata senti.

Muulize nyanya yako habari za 1984, ukame ule, na mahindi ya manjano kutoka ng'ambo tuliyoyapangia foleni huku tukilalamika kwamba ugali wake hauna ladha. Nilipomsimulia mzee alicheka mpaka akakohoa. Sisi tukipanga foleni, wao walikuwa wakipigiwa mashamba mnada kwa kuwa mahindi hayana bei.

Ndugu yake alipigiwa mnada. Vitu vilitandazwa uani kwa safu: plau, minyororo, makopo ya misumari, hata baiskeli ya mtoto. Majirani walinunua bila kumtazama usoni. Siku hizo watu walikuwa wakichomeka misalaba myeupe mbele ya mahakama, kila msalaba shamba moja lililopotea. Mzee wangu aliponea chupuchupu. Mkewe alipika shuleni, na yeye majira ya baridi aliendesha lori usiku.

Ndiyo maana ukimtajia bei ya ekari alikusikiliza kama mtu anayesomewa namba za bahati nasibu. Bei alishaiona ikipanda, kisha akaiona ikimtoa ndugu yake nyumbani. Hakuihesabu kuwa mali.

Kuna na sababu kavu zaidi, niliyoelezwa na bintiye. Ukiuza ardhi hapa ungali hai, unatozwa kodi kwa faida yote, kuanzia bei uliyonunulia. Ukifa nayo, warithi wanahesabiwa kuanzia thamani ya siku uliyokufa. Kwa mtu wa umri wake, kuuza kulikuwa kuwapunguzia watoto urithi.

Usidhani namfanya mtakatifu. Alikuwa bahili wa kutupwa. Januari nilimwogesha nikiwa nimevaa koti. Na yule kijana wake hakuhamia Denver kwa kupenda milima.

Alifariki Septemba, kitandani mwake, kwa ugonjwa wa moyo. Siku chache kabla alinituma nimvunjie hindi moja. Akabandua punje kwa kidole gumba, akaigeuza, akatazama ile ncha inayoshika kwenye gunzi. Palikuwa na weusi. Weusi huo ukitokea, punje imemaliza kujaa, kilichobaki ni kukauka. "Wiki tatu," akasema, akanirudishia hindi.

Wiki zilipofika nne hivi, majirani wakaja na kombaini zao na malori, bila kuitwa, kama wanavyofanya watu wa huku mkulima akifa mazao yakiwa shambani. Wengine mahindi yao wenyewe yalikuwa bado yamesimama. Akina mama wa kanisani wakaleta chakula kwenye banda la matrekta. Kufikia usiku mahindi yote yalikuwa ndani, karibu busheli 200 kwa ekari, yaani magunia 56 hivi ya kilo 90. Kule Kitale ukipata 25 unasimama kanisani kutoa shukrani! Na haya ni ya nguruwe na ya kutengenezea ethanoli, hakuna anayeyapikia ugali.

Sasa binti amemkodishia jirani shamba. Wa Denver anataka wauze, dada mtu hataki, na tangu majira ya kuchipua wanazungumza kupitia mawakili. Mimi nimeshapewa mgonjwa mwingine, mama mmoja mwalimu mstaafu, msemaji sana.

Nitakupigia Jumamosi jioni ya huko. Nyanya umpeleke kliniki kabla ya hapo, nisikie amepimwa presha.

Mama yako