Jibu: Kuhamia Kisumu na watoto wadogo

Dada, umeuliza uanzie wapi unapohama Nakuru kwenda Kisumu na watoto wa miaka 2 na 4. Anza na neti. Nakuru baridi hutupunguzia mbu, lakini kando ya ziwa malaria ipo mwaka mzima. Neti ifungwe kabla hawajalala usiku wa kwanza.

Kitabu cha kliniki kisipande lori, kaa nacho mkobani. Ukifika, waulize wauguzi kuhusu chanjo ya malaria, inayotolewa magharibi mwa Kenya tangu 2019.

Vyombo vitapangwa polepole. Tulipohama sisi, mtoto wangu mdogo alilia hadi saa sita usiku, kumbe blanketi lake la manjano limeshonewa ndani ya gunia, chini ya kabati. Iliniuma sana. Mablanketi yao yabebe mwenyewe, hata kama huko ni joto.