Daraja liache, tazama mkono: rili ya "The Fairy Dance"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Napiga fidla katika kikundi cha taarab hapa Unguja, huu mwaka wa tatu. Nimeanza kujifunza rili ya Uskoti, yaani muziki wa kasi wa kuchezea dansi, iitwayo "The Fairy Dance". Polepole naiweza, ila nikiongeza kasi pigo la pili linafifia na upinde unagusa nyuzi mbili. Fundi mmoja kaniambia nichonge daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi, lishuke. Kijana mwingine ananiuzia video za "rili kwa siku saba", anasema muziki wa jadi hauna mtunzi wala kanuni, ni kasi tu. Tena noti zangu zimeandikwa "Largo's Fairy Dance", na largo ni mwendo wa polepole. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Largo hapo ni mahali, katika jimbo la Fife, mashariki ya Uskoti. Halihusiani na mwendo.

Daraja usiliguse. Majuzi nimeletewa fidla iliyopigwa msasa darajani hadi uzi wa E umelala juu ya ubao wa vidole. Ukiupiga unavuma kama nyuki ndani ya chupa. Lile tao la daraja ndilo linalotenganisha nyuzi. Ukilipunguza, upinde utagusa nyuzi mbili zaidi ya hapo mwanzo, na mbao iliyokwisha kuliwa hairudi, utanunua daraja jipya. Kila wiki napata swali la namna hii, na kila mara fundi amesikia malalamiko ya mkono akaenda kutibu mbao.

Sasa tuitazame baa ya kwanza, yaani kipande cha kwanza cha noti, chenye mapigo mawili. Una noti ya F# ya robo, kisha F# na D za thumni, fupi nusu ya hiyo, halafu yote hayo mara ya pili, ndiyo pigo la pili. F# ni kidole cha kwanza kwenye uzi wa E, na D ni kidole cha tatu kwenye uzi wa A. Hesabu mikwaruzo ya upinde katika pigo la kwanza: vuta, sukuma, vuta. Ni mitatu. Kwa hiyo pigo la pili linaangukia kwenye kusukuma. Hapo ndipo linapofifia. Katika taarab umezoea upinde mrefu unaobeba sauti taratibu, na kusukuma kwako ni njia ya kurudi mwanzo tu. Kwenye rili kusukuma kuna haki sawa na kuvuta.

Tumia katikati ya upinde, urefu wa vidole vinne. Ile D ifuate kwa kifundo cha mkono, kiwiko kisipande na kushuka kama mtu anayepampu maji. Kisha piga baa hiyohiyo ukianza kwa kusukuma, mpaka anayesikiliza chumba cha pili asijue umeanzia wapi.

Na hili la "hauna mtunzi" ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mtunzi anajulikana, na mwaka unajulikana: Nathaniel Gow, kwa ajili ya dansa la Fife Hunt, chama cha wawindaji, la mwaka 1802. Alizaliwa 1763 kijijini Inver, karibu na Dunkeld, Uskoti. Baba yake, Niel Gow, alianza maisha akiwa mfumaji wa nguo, akawa mpiga fidla mashuhuri kuliko wote wa zama zake, na kilichomtofautisha na wenzake ni nguvu ya kusukuma upinde. Inasimuliwa kwamba katika mashindano ya mwaka 1745 mwamuzi alikuwa kipofu, na alisema angeutambua mkono wa Niel hata kati ya wapigaji mia. Unaona basi? Kile kinachokushinda wewe ndicho kilichowapa jina watu wa nyumba hiyo.

Nathaniel alipelekwa Edinburgh akasomeshwa fidla na selo, ndugu mkubwa wa fidla mwenye sauti nzito. Mwaka 1782 akawa mmoja wa wapiga tarumbeta wa Mfalme, na 1796 akafungua biashara ya kuchapisha noti pamoja na William Shepherd. Huyo ni msomi wa kazi yake, aliyeongoza bendi na kutazama miguu ya wachezaji usiku kucha. Neno "jadi" likibandikwa juu ya kazi kama hii, mtu anafutwa. Sisemi akina Gow walikuwa malaika: wao pia walilaumiwa kwa kuchapa tuni za William Marshall, mtunzi mwingine wa Uskoti, bila kutaja jina lake.

Wachezaji wa rili za Uskoti huhitaji kama mapigo 110 kwa dakika, mawili kila baa, yaani baa nane kwa sekunde 9 hivi. Kasi hiyo imepimwa na hatua za binadamu. Wanaouza video hushindana kwenda mbio hata asiweze kucheza mtu yeyote, na wanafunzi wanaonijia kutoka huko wana mabega magumu kama gogo na maumivu ya kifundo. Kuliondoa kosa hilo huwachukua miezi. Ukiona tangazo lolote la ala yoyote, iwe fidla, udi au kanuni, linalokuahidi siku badala ya miaka, shika mfuko wako.

Huyo kijana, kabla hujampa hata shilingi, mwombe akupigie baa moja tu ya "The Fairy Dance", aanze kwa kusukuma.