Barua kwa mwanangu: Chuo kwanza kikufanye mhandisi

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku wazima, twamshukuru Mungu.

Umeniuliza usome chuo gani ili uwe mhandisi wa kuwasaidia waliokimbia vita, ukame na mafuriko, na kama ni lazima utafute kozi ya ng'ambo yenye jina la uhandisi wa kibinadamu. Jina la kozi lisikubabaishe. Soma uhandisi wa ujenzi, uelemee upande wa maji, na hakikisha shahada hiyo inatambuliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, maana bila hivyo usajili utakutesa. Ng'ambo utaenda kwa shahada ya pili, ukishajua unachokifuata.

Nasema maji kwa sababu yakikosekana, maradhi hayachelewi. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada, vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Hazijazi hata mtungi wetu wa lita 20! Mfereji mmoja wa bomba usitumiwe na zaidi ya watu 250, choo kimoja watu 20. Kwa kambi ya watu 10,000, hizo ni lita 150,000 kila kutwa, mifereji 40 na vyoo 500.

Vyoo hivyo utavichimba wapi? Viwe angalau mita 30 kutoka kisimani. Hapa kwetu taabu hiyo waijua: jiwe la matumbawe lina matundu, nyumba zimebanana, kisima cha huyu kimepakana na shimo la choo la yule. Wewe uliyekulia Kisauni, hapa Mombasa, utaingia darasani na swali hilo tayari kichwani, na mimi nalihesabu kuwa mtaji mkubwa.

Kwa hiyo usikipuuze Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, hapo Tudor, eti kwa kuwa ni karibu na nyumbani. Kilinganishe na JKUAT, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Juja, kwa haki. Nenda ukaulize: maabara ya maji inafanya kazi? Wanafunzi hupelekwa wapi kwa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini? Kuna mwalimu aliyewahi kufanya kazi kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab au Kakuma? Kambi hizo zipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na waliozaliwa humo sasa ni wazazi. Bomba la kule linahitaji mtu wa kulitengeneza mwaka baada ya mwaka, na mtu huyo sharti aelewane na wenyeji wa kambi, kwa hiyo anza kujifunza Kisomali mapema.

Ukishapata majibu nipigie kabla hujajaza fomu. Ya HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, tutaijaza pamoja.

Baba yako