Maswali ya Wasomaji: Wimbi Linalolipuka Kwenye Kompyuta

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma uhandisi wa mawasiliano, mwaka wa tatu, hapa Mbeya. Nimeandika programu ya kuonyesha mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4 yanavyosambaa sebuleni, mita 4 kwa 4, kwa mbinu ya Yee, ile ya kugawa eneo kuwa miraba midogo na kukokotoa uga wa umeme na wa sumaku hatua kwa hatua ya muda. Miraba ni ya sentimita 1, hatua ya muda ni pikosekunde 30 (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde). Mwanzo wimbi linatoka vizuri, mara namba zinapaa hadi hazisomeki. Mwenzangu anasema kompyuta yangu ni ndogo. Ninunue nyingine?

JIBU: Marahaba. Pesa yako itunze. Sebule nzima ni miraba 160,000. Ukiweka namba tatu za uga kila mraba, hazifiki hata megabaiti 4. Kompyuta haina kosa, tatizo ni hiyo 30.

Najua ulivyopiga hesabu: mwanga hukata sentimita 1 kwa pikosekunde 33, na hatua ya muda haitakiwi kuzidi hapo, basi 30 imo ndani ya mpaka. Ingekuwa sawa kama wimbi lingepita mstari mmoja tu. Kwenye sakafu yenye marefu na mapana, 33 hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2, unabaki na 23.6. Siku ukiongeza kimo cha chumba, itashuka hadi 19.3. Mpaka huu waliuonyesha wanahisabati Courant, Friedrichs na Lewy mwaka 1928, wakati Yee alichapisha mbinu yake 1966.

Ukitaka uhakika, simamisha programu namba zinapoanza kupaa, uchapishe miraba sita kwa sita ya katikati. Utakuta chanya, hasi, chanya, hasi, kama ubao wa drafti. Kwa hatua yako, wimbi hilo hukua zaidi ya mara 4 kila hatua, kwa hiyo hata kosa dogo la kukadiria desimali ya 16 litameza picha yote kabla ya hatua ya 40.

Weka 22, mchoro utatulia. Ila ukutani usiuamini bado. Hewani urefu wa wimbi ni sentimita 12.5, miraba inatosha. Ndani ya zege hufupika hadi kama 5, na miraba mitano kwa wimbi ni michache mno. Mimi sishuki chini ya kumi. Fanya mraba uwe milimita 5 na hatua ya muda 11. Kazi itakuwa mara 8, kanywe chai kwanza. Pembezoni zungushia tabaka la kufyonza mawimbi, lile la mtafiti Bérenger la 1994. Ukiacha uga wa umeme uwe sifuri ukingoni, umejenga ukuta wa chuma, na wimbi lote litarudi ndani.