Kengele zako za kioo zinapasuka? Acha kulaumu mikono yako

Nimepata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Tanga. Anatengeneza kengele za upepo kwa chupa zilizotumika, anachomea kwenye tanuri dogo la rafiki yake mfinyanzi, na vipande vyake vikitoka vinapendeza kweli. Picha nimeziona: kijani, kahawia na cheupe vimeshikana bila tundu. Shida ni kwamba baada ya siku mbili tatu vinapasuka vyenyewe juu ya meza, hakuna aliyevigusa. Aliyemfundisha kamwambia hana subira, anafungua tanuri mapema. Yeye anaapa kuwa hafungui. Akaniuliza, "Dada, ina maana mikono yangu ndiyo mibaya?"

Mdogo wangu, mikono yako haina tatizo lolote. Nakujibu hapa, mbele ya wote, kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na mpaka leo yananiuma.

Mimi ni mtu wa Unguja. Nilianza kazi hii kwenye kikundi chetu cha kinamama, pale ulipokuja mradi mmoja na tanuri la umeme, meza na mkufunzi. Wazo lilikuwa zuri. Chupa za soda na za bia za kreti zinarudi kiwandani, lakini za mvinyo na pombe kali hakuna anayezitaka. Hoteli za pwani ya mashariki zinazitoa kwa magunia, na mwisho wake ni kutupwa porini au kufukiwa. Mkufunzi alitufundisha kukata chupa, kuondoa lebo, kupanga vipande na kuchoma. Alikuwa na mkono mzuri wa kupanga rangi, hilo namkubalia. Alituambia tuchanganye: kijani cha chupa ya mvinyo, kahawia ya bia, bluu ya chupa ya jini (ile pombe kali, "gin"). Kioo ni kioo, alisema.

Vikapasuka. Kila tukichoma, vingine vinalia "tik" tukiwa tumekaa tunakunywa chai, vingine vinasubiri kesho. Badala ya kutafuta sababu, yule bwana alisimama mbele ya kikundi kizima akasema wanawake wa pwani mmezoea mambo ya harakaharaka. Harakaharaka, sisi tunaosuka ukili kwa miezi kumaliza mkeka! Wenzangu wakavunjika moyo, mmoja mmoja akaacha kuja. Mradi ukaisha, tanuri likabaki limefunikwa kanga. Nikaomba kikundi kiniuzie, nikalilipia kidogo kidogo.

Lililonifumbua macho ni kahawia. Kwenye boksi la vilivyopasuka, vipande vyote vilikuwa vya rangi mbili au tatu. Vya kahawia peke yake, vilivyotoka kwenye chupa moja, vilikuwa vizima vyote, na vimechomwa tanuri lile lile, siku ile ile, kwa mikono ile ile. Basi nikachukua chupa moja ya mvinyo, nikakata vipande viwili, nikavibebanisha nikachoma. Pembeni yake nikaweka kipande cha chupa hiyo juu ya kipande cha chupa ya kampuni nyingine, vyote vya kijani, kwa macho huwezi kuvitofautisha. Kile cha kwanza ninacho mpaka leo dirishani. Cha pili kilipasuka kufuata mstari wa pale vilipoungana.

Sababu yenyewe ni hii. Kioo cha chupa ni mchanga, magadi na chokaa vilivyoyeyushwa pamoja, na kila kiwanda kina vipimo vyake. Kioo kikipata moto kinatanuka, kikipoa kinanywea, na vipimo vikitofautiana hata kidogo, kunywea nako kunatofautiana. Vikiwa bado laini, vioo viwili havigombani. Vikishuka chini ya nyuzi joto 500 hivi (za Selsiasi) vinakuwa vigumu, na kuanzia hapo mmoja anavuta zaidi ya mwenziwe huku wameshikana hawawezi kuachana. Mvutano huo haumaliziki siku ya kwanza. Unakaa ndani, unangoja baridi ya usiku au mtikisiko mdogo wa meza. Ndiyo maana vyako vinapasuka wakati umeshavisahau.

Baadaye nikaja kuelewa na kosa la yule mkufunzi lilitoka wapi. Vioo vya sanaa vinavyotengenezwa Marekani vinauzwa kwa namba, 90 au 96, na namba hiyo inaeleza jinsi kinavyotanuka. Vya namba moja na vya kampuni moja unachanganya rangi upendavyo. Aliyejifunza kwenye vioo hivyo anaweza kuamini kwa dhati kuwa rangi zote zinaoana. Chupa haina namba. Chupa ilitengenezwa ibebe kinywaji, hakuna aliyewaza kuwa siku moja itaunganishwa na nyingine.

Kwa hiyo kanuni ya karakana yangu ni chupa moja, kipande kimoja. Sisemi rangi moja, nasema chupa moja. Hata chupa mbili za kinywaji kimoja sizichanganyi mpaka nizipime, maana kampuni inaweza kununua chupa kwa viwanda viwili. Ukitaka kengele ya rangi nyingi, rangi zikutane kwenye uzi: ukanda mmoja wa kijani, mmoja wa kahawia, mmoja wa bluu, kila mmoja umechomwa kwa kioo chake. Upepo utazichanganya mwenyewe.

Kupima ni rahisi, na kunahitaji vitu ambavyo pengine unavyo. Tafuta miwani ya jua ya aina ile inayokata mng'aro wa maji. Utaijua hivi: iweke mbele ya skrini ya kompyuta iliyo nyeupe uizungushe, na mahali fulani skrini inaonekana nyeusi kupitia miwani. Ikiwa nyeusi hivyo, ingiza kioo chako kati ya skrini na miwani. Kioo kilichotulia kinabaki na giza. Chenye mvutano kinaonyesha mwanga pale kwenye maungio, kama utando mweupe unaozunguka kipande. Ukiuona mwanga huo, usimuuzie mtu. Siku nilipokiangalia kwa njia hii kile kipande changu cha dirishani, kikabaki cheusi pii, niliketi chini. Miaka yote ile nilikuwa nimebeba neno la mtu ambaye hakuwahi hata kupima.

Sasa uchomaji, kwa ufupi, maana huu mtu anaujua kwa kuufanya. Loweka chupa kwenye maji ya majivu au magadi mpaka lebo iachie, uisugue hadi gundi yote itoke. Maandishi yaliyochapwa kwa rangi ya kiwandani hayatatoka na moto hautayaondoa, kwa hiyo kata sehemu isiyo nayo. Kata shingo na kitako, pasua mwili, ulaze kwenye rafu, na kwenye joto la nyuzi 750 hadi 800 utafunguka wenyewe uwe bapa. Rafu ipakwe kaolini (udongo mweupe wa ufinyanzi) na alumina (unga mweupe usioyeyuka kwa moto wa tanuri) nusu kwa nusu, la sivyo kioo kitang'ang'ania. Kaolini ipo Pugu, karibu na Dar es Salaam, huna haja ya kuagiza ng'ambo. Kata kanda zako, zibebanishe mbili mbili, uchome tena. Kuunganika kabisa ni kwenye nyuzi 800 hivi, dakika kumi zinatosha. Kati ya 680 na 760 usikawie, wakati wa kupanda wala wa kushuka, kwa sababu hapo ndipo kioo cha chupa kinapoota ule ukungu mweupe kama chumvi iliyokauka. Kikishuka kwenye nyuzi 550 kishikilie hapo kwa saa nzima, kisha ukipoze taratibu, nyuzi 80 kwa saa, mpaka kifike 370. Baada ya hapo zima na uende zako. Umeme ukikatika katikati ya kupoza, usifungue mlango kuangalia. Tanuri lenye matofali mazito litapoa polepole lenyewe.

Vaa barakoa na miwani ya kinga unapokata na kusaga, na siku zote kata kwa maji. Vumbi la kioo likikaa kifuani halitoki. Nimewaona mafundi wanaojiona mashujaa wanasaga makavu kwa mdomo wazi na watoto wamekaa pembeni. Huo si ushujaa.

Ninachokipenda zaidi ni sauti, na hapa wengi mnapoteza. Mnatoboa tundu nchani kabisa kwa sababu linapendeza, halafu kengele inalia "tak" kama kijiko kwenye sahani. Ukanda wa kioo ukigongwa unatetema katikati na nchani, lakini kuna sehemu mbili zinazotulia, kila moja iko umbali wa asilimia 22 ya urefu kutoka nchani. Toboa hapo. Ukanda wa sentimita 20, tundu liwe sentimita 4.5 kutoka juu, na kigongo, kile kinachogonga kanda upepo ukivuma, kigonge katikati ya ukanda. Uzi hautakaba mtetemo, na sauti itaenda. Kaka yangu anapiga udi kwenye kikundi cha taarabu, ndiye aliyekaa nami kusikiliza, akashangaa jambo moja: uzi wa udi ukifupishwa nusu, mitetemo yake inakuwa mara mbili, lakini ukanda wa kioo wenye unene ule ule ukifupishwa nusu, inakuwa mara nne. Maana yake sentimita moja ni kubwa sana. Ukanda wa 20 na wa 14 tayari vinaitikiana, sauti moja juu na moja chini, na katikati yake una nafasi ya kanda nyingine kadhaa. Kata kwa rula, usikate kwa jicho. Na ukanda wenye ufa, hata usioonekana, haulii, unakoroma. Hicho nacho ni kipimo.

Tundu natoboa kwa biti ya almasi ndani ya maji. Asiye na biti aweke kitanzi cha waya kati ya kanda mbili kabla ya kuchoma: waya wa koili ya jiko la umeme lililokufa unavumilia moto na hauli kutu kwa hewa ya chumvi. Kitanzi hicho kitakaa nchani, kwa hiyo sauti haitakuwa ndefu kama ya tundu. Waya wa shaba unageuka mweusi na kupukutika. Kwa kuning'inizia natumia mshipi wa kuvulia, na juu nafunga kwenye kifuu. Mshipi unachoshwa na jua, mwambie mnunuzi aubadilishe kila mwaka. Kaskazi ni upepo wa kuringa nao, tundika popote. Kusi kikianza, hamishia kengele upande uliokingwa na nyumba, maana kile hakigongi, kinapigana.

Watu walinisema sana. Mwanamke anayeswali, anarudi nyumbani na gunia la chupa za ulevi kichwani. Jirani aliacha kunijibu salamu. Nilikwenda kwa ami yangu, mwalimu wa madrasa, nikamweleza, akaniuliza kama naziosha. Nikasema naziosha kisha nazitia kwenye moto wa nyuzi 800. Akacheka, akaniambia niendelee na kazi yangu. Mwezi uliopita hoteli moja ya mashariki imeagiza kengele kwa kila baraza la kila chumba, kwa chupa zao wenyewe, na wamelipa nusu kabla sijawasha tanuri. Nililia, na sikuona haya.

Kwa hiyo wewe wa Tanga, na wengine mnaosoma huku mna boksi la vipande vilivyopasuka chini ya kitanda, nisikilizeni. Mtu akikwambia una haraka, muulize amepima joto gani, kwa saa ngapi, kwenye kioo cha chupa ipi. Asipokuwa na namba, hana jibu. Msikubali tabia yenu ihukumiwe badala ya kazi kukaguliwa. Andikeni. Kila uchomaji, kwenye daftari: chupa gani, nyuzi ngapi, ulishikilia muda gani, nini kilitokea. Watu wa karakana ya kioo ya Kitengela nje ya Nairobi na wa karakana ya Shanga kule Arusha wamejenga kazi zinazojulikana duniani kwa vioo vilivyotumika, hivi hivi tunavyovitupa sisi. Hakuna aliyezaliwa na kipaji cha kupoza tanuri. Ni vipimo, na vipimo mwanamke yeyote anayepika pilau ya arusi anaviweza.

Usiku wa leo, kama tanuri liko huru, choma majaribio mawili niliyokueleza: moja la chupa moja, moja la chupa mbili. Yapime kwa miwani kesho yake, na yaache mezani wiki nzima usiyaguse. Hivyo ulivyokwisha kuchanganya usiviuze hata kwa bei ya kutupa, na usivichome tena ukitumaini vitapatana. Vipasue, vitumie kupamba vyungu kwa saruji. Chupa mbili ulizoniuliza kama zinafaa, ile ya kijani yenye kitako kilichobonyea ndani na ile nyeupe ya pembe nne, zote ni nzuri, ila ya pembe nne ni nene zaidi kwenye kona, kwa hiyo kata kanda kutoka ubavuni tu. Na ukitaka kunitumia kipande kwa boti nikusikilizie sauti, funga kila ukanda peke yake kwa gazeti, usivilaze pamoja.